Kupanda Kitulo Mvua Ikinyesha: Maswali ya Wasomaji na Majibu Yake

Barua zinazouliza habari za Hifadhi ya Taifa Kitulo zimetufikia kutoka Uyole hadi Mafinga. Nyingi zimeandikwa na watu ambao huiona ile safu ya milima kila wapitapo barabara kuu lakini hawajawahi kuipanda. Tumejibu zile zinazobeba maswali ya wengi.

SWALI: Mwezi wa Julai niliipeleka familia Kitulo kwa kuwa nilikuwa na likizo. Nilikuwa nimesikia panaitwa Bustani ya Mungu. Tulikuta nyasi kavu, ukungu na baridi ya kukata masikio, na hata ua moja la kutajika hatukuliona. Je, maua yameisha, au tulipelekwa sehemu isiyo yenyewe? (Baba wa watoto watatu, Uyole)

JIBU: Pole sana, Baba, hasa kwa watoto. Sehemu ilikuwa yenyewe, na maua hayajaisha. Mlikuwa mkitembea juu yake. Okidi za Kitulo, ambazo ni jamii mojawapo ya maua hayo, si zile zinazoota juu ya matawi ya miti. Hizi ni za ardhini, na kila mche una kiazi chake chini ya udongo. Mvua zikikatika, shina hukauka na majani hupotea, kisha kiazi hulala mpaka mvua za mwishoni mwa Novemba zikiamshe. Kwa hiyo Julai mtu anaweza kusimama katikati ya bustani yenyewe asione kitu.

Msimu wenyewe wa maua ni Desemba hadi Aprili. Uwanda uko kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, kati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Zimehesabiwa pale aina zipatazo 350 za mimea, na okidi za ardhini peke yake ni 45. Hazichanui kwa siku moja. Anayepanda Desemba na anayepanda Machi wanaona bustani mbili tofauti, ndiyo maana wapo wanaorudi mara mbili kwa msimu. Mwenye nafasi ya safari moja tu aiweke Februari. Lakini nyinyi mna watoto wa shule, basi tumieni likizo ndefu ya Desemba: maua yameshaanza na njia bado hazijaharibika sana.

Juni hadi Agosti ni miezi ya ukungu na baridi kali, na kuna asubuhi nyasi huamka nyeupe kwa jalidi. Septemba hadi Novemba jua huwaka, njia ni kavu na kutembea ni raha, ila maua ni machache. Atakaye maua akubali tope, na atakaye njia kavu asitegemee maua mengi. Ni vizuri familia ikubaliane kuhusu hilo kabla ya kulipia gari.

SWALI: Nina Noah. Je, itapanda mpaka Kitulo? Na asiye na gari afanyeje? (Dereva, Igurusi)

JIBU: Kutoka Mbeya mjini unafuata barabara kuu ya Dar es Salaam kilomita 78 hadi Chimala, kisha unakata kusini kuupanda ukuta wa mlima. Barabara hiyo inaitwa Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake kali, na inakufikisha Matamba, ambako ndiko pa kuulizia habari za hifadhi. Njia ya pili inatokea upande wa Tukuyu: unaiacha lami Isyonje na kupanda kupitia Kikondo.

Noah katika kiangazi, ikiwa na matairi mazima na dereva asiye na haraka, inafika Matamba. Mvua zikishakolea usijaribu. Udongo wa huko juu umetokana na majivu ya volkano, na ukilowa unateleza kama sabuni. Hapo panatakiwa gari la kuvuta magurudumu yote manne, na hata hilo lina masharti yake. Beba koleo, kamba nene ya kuvutia, mbao mbili za kuweka chini ya matairi na pampu ya upepo. Kwenye tope refu punguza upepo kutoka paundi 35 hadi 25 hivi ili tairi litandaze, ukumbuke kuujaza tena ukifika kwenye ardhi ngumu. Likikwama, kosa la wengi ni kukanyaga mafuta kwa hasira. Gurudumu likizunguka mahali pamoja linajichimbia kaburi, mpaka gari linalalia tumbo. Zima, shuka, chimba mbele ya matairi, weka mbao, kisha ondoka polepole na gia ya pili.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye kushuka. Dereva anayeshuka kona zile huku akiegemea breki huzichemsha, na breki ikishachemka pedali huzama mguu usipate kitu. Shuka na gia ileile ambayo ungepandia. Kwa gari la otomatiki, toa kwenye D uweke L au 2. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta pana, simama nusu saa, wala usimwage maji kwenye magurudumu, kwa sababu chuma chenye moto kikipozwa ghafla hupinda au kupasuka. Piga honi kabla ya kila kona na umpishe anayepanda na mzigo, kwa sababu yeye akisimama hataondoka tena kirahisi. Jaza mafuta ukiwa bado kwenye lami, na uwe umemaliza kushuka kabla ya giza. Ukungu na usiku vikikutana kwenye barabara ile, taa hazikusaidii.

Asiye na gari apande basi hadi Chimala, abadilishe pale kwa gari la abiria la kwenda Matamba, alale Matamba kwenye nyumba ya wageni, na asubuhi akodi gari la kumwingiza hifadhini. Malipo ya kiingilio hayafanywi kwa fedha mkononi. Utapewa namba ya malipo ulipie kwa simu au benki, basi hakikisha kwenye simu kuna salio ukiwa bado mahali penye mtandao. Beba kitambulisho chako cha Taifa, kwa sababu ndicho kinachokupatia bei ya raia.

SWALI: Rafiki yangu aliloa mvua kule juu akawa anatetemeka, baadaye akaacha kutetemeka akawa anaongea kama mlevi. Tulidhani amepata nafuu. Ilikuwa nini? Na mtu avae nini? (Mwanafunzi wa chuo, Mbeya)

JIBU: Hakuwa amepata nafuu, dada. Alikuwa anazidiwa. Kutetemeka ni mwili kujipasha moto. Ukiacha kutetemeka ilhali mtu bado ana baridi, maana yake umeishiwa nguvu ya kujipasha. Ulimi mzito, vidole vinavyoshindwa kufunga kifungo na mtu kutaka kukaa tu ni dalili za mwili kupoa kupita kiasi. Mvue nguo zote zilizoloa, mvishe kavu kuanzia kifuani na kichwani, mfunike blanketi pamoja na mtu mwingine mwenye joto, mpe chai ya moto yenye sukari nyingi kama anaweza kumeza vizuri. Usimsugue mikono na miguu kwa nguvu, usimpe pombe, na umteremshe mlimani apelekwe hospitali.

Chanzo chake kwa kawaida ni suruali ya jinzi na fulana ya pamba. Pamba hunyonya maji na kuyashika, kisha upepo unapopita unakunyang'anya joto saa nzima. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, na Kitulo iko juu zaidi kwa mita 900 hivi, ambazo peke yake huondoa nyuzi joto sita. Ongeza upepo wa uwanda usio na mti.

Nguo za kufaa hazihitaji duka la bei mbaya. Mitumba ya Mwanjelwa inazo. Tafuta fulana ya kitambaa cha michezo cha kuvaa ndani, sweta la sufu au jaketi la manyoya ya plastiki juu yake, na juu kabisa koti la mvua lenye kofia. Lijaribu koti kwa kulimwagia maji begani kabla hujalipa: yakijikusanya kuwa matone na kuporomoka, chukua, yakinywewa, rudisha. Mwavuli uache nyumbani, maana upepo utaupindua. Kofia ya sufu, glavu, jozi mbili za soksi nzito, na nguo kavu za akiba ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Miguuni vaa gambuti. Wengi huzidharau, lakini kwa Kitulo ya Februari hazina mpinzani, na kuna sababu nyingine ya kuzivaa tutakayomweleza mwalimu hapa chini.

Hewa ya huko ina takriban robo tatu ya oksijeni inayopatikana pwani. Mtu wa Mbeya au Makete hatasikia sana, ila anayetoka Dar es Salaam na kupanda siku hiyohiyo anaweza kuumwa kichwa na kuishiwa pumzi. Alale usiku mmoja Mbeya au Matamba kwanza, anywe maji, na siku ya kwanza atembee taratibu.

Jambo moja husahaulika kwa sababu ya baridi: jua la juu huchoma zaidi kuliko la bondeni, hata kukiwa na ukungu mwepesi. Wenzetu wenye ualbino wavae kofia pana, mikono mirefu na miwani, na wajipake mafuta ya kukinga jua kabla ya kutoka, kisha warudie kila baada ya saa mbili.

SWALI: Nafundisha baiolojia na ningependa kuwaleta wanafunzi 40 wa kidato cha tatu. Nifanye nini nao pale ili isiwe matembezi tu? Na okidi tutazitambuaje bila kuwa wataalamu? (Mwalimu, Makambako)

JIBU: Mwalimu, barua yako imetufurahisha kuliko zote. Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, kilomita za mraba 413 hivi, na haikutangazwa kwa ajili ya simba wala tembo. Ilitangazwa kwa ajili ya mimea. Darasa la biolojia halitapata mahali bora.

Andika barua kwa uongozi wa hifadhi wiki kadhaa mapema, ukitaja idadi, umri na tarehe, na uombe waongozaji. Usilete basi kubwa. Gawa watoto makundi manne ya kumi, kila kundi na mtu mzima wake. Anzeni kutembea saa moja na nusu asubuhi, maana radi za msimu wa mvua hupenda kuja baada ya saa sita mchana, na kwenye uwanda ule mwanafunzi ndiye kitu kirefu kuliko vyote. Mkiona umeme, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ikiwa ni chini ya sekunde thelathini, rudini kwenye magari mfunge vioo. Kama magari yako mbali, tawanyikeni, kila mmoja achuchumae miguu pamoja mahali pa chini, wala asilale.

Kwa kazi yenyewe, chukua kamba ya mita nne, uifunge fundo kila mita, uunganishe ncha, na uishike kwa vijiti vinne ipate umbo la mraba. Hiyo ni mita moja ya mraba. Kila kundi liweke mraba wake sehemu tatu: kwenye mteremko, kwenye tambarare, na karibu na kinamasi, mwongozaji akiwa ameonyesha pa kuingia. Wanafunzi wapige magoti nje ya kamba na kuhesabu: aina ngapi za majani, aina ngapi zenye ua, miche mingapi ya kila aina. Wasichume. Wachore, au wapige picha kwa simu. Mkirudi darasani mlinganishe sehemu hizo tatu, na mtajua maji yanavyochagua nani akae wapi.

Kuhusu okidi, beba lenzi ya kukuza mara kumi, ile ndogo ya kukunja. Tafuteni shina moja lililosimama wima, lenye maua mengi madogo yaliyopangana kama punje za ulezi kwenye suke. Chagua ua moja, usogeze lenzi jichoni kwanza, kisha ulisogelee ua mpaka lionekane vizuri. Utaona kitu kama kofia juu ya uso wa ua. Angalia nyuma ya kofia hiyo. Ikiwa na mikia miwili iliyoning'inia sambamba, hiyo ni satiriumu. Ikiwa na mkia mmoja tu unaotoka kwenye kofia yenyewe, ni disa. Na ikiwa mkia mmoja mrefu unatoka chini, kwenye ule mdomo ambao mara nyingi umechanika vipande vitatu, na ua ni la kijani au jeupe, hiyo ni habenaria. Mikia hiyo kwa nyingi ni vifuko vya mbochi. Nondo au nyuki mwenye ulimi unaolingana na mkia ndiye anayefikia chakula, na akiinamia ua chavua humgandamia kichwani ikiwa imefungwa katika vifurushi viwili, si unga wa kutawanyika kama wa hindi. Mwanafunzi akishaona hivyo vifurushi kwa lenzi, somo la uchavushaji limeisha bila kuandika ubaoni.

Kuna lingine msikose kuliona, yale maua marefu mekundu na manjano yaliyosimama kama mienge, aina ya nifofia. Huchanua kuanzia chini kwenda juu: chini manjano yaliyokwisha kufunguka, juu mekundu yaliyofumba. Kaeni umbali wa hatua kumi, kimya, dakika kumi. Chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, atakuja.

Sasa zile gambuti. Njia ikiwa na tope, mtu mwenye raba huzunguka pembeni. Wa pili huzunguka zaidi. Watoto arobaini wakikwepa tope moja, njia ya futi mbili inakuwa ya futi kumi, na yaliyokanyagwa ni maua yaleyale waliyokuja kuyaona. Mwenye gambuti hupita katikati ya tope. Waambie wazazi mapema, hata za kuazima mashambani zinatosha. Na mwambie kila mtoto asiingize mkono wala kukaa kwenye mdomo wa mashimo ya muhanga. Mbali na nyoka, msimu wa mvua mbayuwayu wa buluu, ndege aliye hatarini kutoweka, hubandika kiota chake cha tope kwenye ukuta wa ndani wa mashimo hayo, na akishtuliwa mara nyingi hukiacha.

SWALI: Viazi vya okidi vinanunuliwa vizuri ng'ambo ya mpaka kwa ajili ya chikanda. Watu wa vijijini wamekuwa wakichimba miaka yote. Kwa nini leo ionekane kosa, wakati ni viazi tu na vitaota tena? (Mfanyabiashara, Tunduma)

JIBU: Ndugu yetu, swali lako ni la haki na linastahili jibu kamili. Chikanda ni chakula cha heshima Zambia: viazi vya okidi hukaushwa, hutwangwa, hupikwa na unga wa karanga, pilipili na magadi mpaka kigande, kisha hukatwa vipande kama nyama. Tatizo liko kwenye hilo neno "vitaota tena".

Ukiing'oa okidi ya ardhini ikiwa na ua, chini yake utakuta viazi viwili. Kimoja ni laini, kimekunjamana, rangi ya udongo. Hicho ndicho kilicholisha shina la mwaka huu na sasa kinaisha. Cha pili ni kigumu, kimejaa, cheupe zaidi. Hicho ni cha mwaka ujao. Mchimbaji hahitaji kile kilichokunjamana. Anachukua kigumu, na kwa kuchukua hicho amemaliza mche mzima. Kiazi mviringo cha Matamba ukikikata chenye macho mawili unapata miche miwili. Kiazi cha okidi hakina desturi hiyo.

Njia nyingine ya kuzaliana ni mbegu, na mbegu ya okidi ni vumbi. Haina akiba ya chakula ndani yake kama haragwe. Ili iote lazima ikutane udongoni na kuvu wa aina inayoifaa, ailishe mpaka ipate majani. Mbegu nyingi sana hufa bila kukutana naye. Ndiyo maana hakuna mkulima wa kawaida anayelima chikanda shambani kama alimavyo viazi, na kila gunia linalovuka mpaka limetoka porini.

Kwa upande wa sheria, ndani ya hifadhi ya taifa hairuhusiwi kung'oa mmea wowote. Nje ya hifadhi pia, okidi zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na kuzivusha mpaka kibiashara bila kibali ni kosa. Tunajua wanaochimba mara nyingi ni akina mama na vijana wasio na kipato kingine, na hatuandiki haya kwa kuwadharau. Lakini kila msimu mchimbaji anapanda juu zaidi kuliko mwaka uliopita, na wao wenyewe wanajua kwa nini.

SWALI: Sisi wa Iringa maua ya Kitulo yanatuhusu nini? Tuna Ruaha yetu. (Msomaji, Ipogolo)

JIBU: Ruaha yako, Mama, inaanzia huko. Uwanda wa Kitulo ni mojawapo ya vyanzo muhimu vya maji ya Ruaha Mkuu. Nyasi nene na ule udongo wa majivu hunyonya mvua ya miezi mitano na kuiachia polepole. Maji hushuka tambarare ya Usangu, hupita kinamasi cha Ihefu, huingia Hifadhi ya Taifa Ruaha wanakokunywa tembo na viboko, kisha Mtera na Kidatu kwenye mitambo ya umeme. Tangu mwaka 1993 mto umekuwa ukikauka nyakati za kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na sababu kubwa inayotajwa ni maji yanayochotwa kwa umwagiliaji huko Usangu, si kitu cha huko juu. Lakini chanzo nacho kikilimwa, huko katikati hapatakuwa na maji ya kugombania. Ukipanda Kitulo, tafuta vijito vyembamba vinavyopita kati ya majani. Ingiza mkono. Ni maji yaleyale unayoyaona kwenye viboko wako, yakiwa mapya.

SWALI: Kipunji yuko Kitulo? Nikienda nitamwona? (Kijana, Tukuyu)

JIBU: Tumbili huyo yuko kwenye msitu wa Livingstone, ambao ni sehemu ya hifadhi, na pia kwenye Mlima Rungwe na sehemu ya Udzungwa. Watafiti walimbaini mwaka 2003 baada ya kusikia wawindaji wa Kinyakyusa wakimtaja, wakamtangaza mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa kundi lake mwenyewe la kisayansi (jenasi), Rungwecebus. Ana manyoya marefu ya kahawia iliyofifia, uso mweusi, tumbo na ncha ya mkia vyeupe, na shungi la nywele lililosimama utosini. Kumwona hatukuahidi. Huishi juu ya miti na hushuka kwa nadra, na kwenye uwanda wa maua hayupo kabisa. Chukua mwongozaji, lala karibu na msitu, ingia alfajiri, na tega sikio kabla ya jicho. Mlio wake mkubwa ni kitu kati ya honi na kubweka.

SWALI: Tulipiga kambi, maharage tuliyachemsha tangu saa nane mpaka usiku hayakuiva. Kuni zilikuwa mbaya? (Kikundi cha vijana, Njombe)

JIBU: Kuni hazina kosa. Kwenye mita 2,600 maji huchemka yakiwa na nyuzi joto 91 hivi badala ya 100, basi hata mkichochea moto hadi asubuhi hayapati joto zaidi. Pikeni maharage nyumbani mpande nayo kwenye ndoo, au bebeni sufuria ya presha. Wali unawezekana: loweka mchele nusu saa, ongeza maji kidogo, funika na uweke jiwe juu ya mfuniko. Na siku nyingine bebeni jiko la gesi, maana kuni za hifadhini si za kuokota.

SWALI: Upi mrefu, Rungwe au milima ya Kitulo? (Mwanafunzi wa msingi, Mbeya)

JIBU: Rungwe una mita 2,960. Mtorwi, ulioko Kitulo, una 2,961. Mita moja tu, mwanetu.

SWALI: Nasikia mtu anaweza kutembea kwa miguu kutoka Kitulo mpaka Matema ufukweni. Ni kweli, na inahitaji nini? (Msomaji, Kyela)

JIBU: Ni kweli, na ni mojawapo ya matembezi mazuri kabisa nchini. Unaanza kwenye nyasi na baridi, unapita msitu wa milima ya Livingstone, unaishia kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa. Ila angalia hesabu yake: ziwa liko kwenye mita 475 hivi, kwa hiyo utashuka zaidi ya mita 2,100. Mapafu hayatakusumbua, magoti ndiyo yatakayolia. Jipe siku nzima, uondoke kunapopambazuka, na mwongozaji ni lazima, kwa sababu njia za wanakijiji zinagawanyika mara nyingi. Beba fimbo mbili zinazofika kiunoni, uzitangulize chini kabla ya mguu. Hapa gambuti hazifai, kwani mguu utateleza ndani yake na kukuchubua, basi vaa viatu vya kufunga kamba, na kaza kamba kwenye kifundo, si kwenye vidole. Kata kucha za miguu siku mbili kabla. Kucha ndefu zikigonga ncha ya kiatu kwa saa nane za kuteremka huwa nyeusi na kung'oka. Maji lita tatu kwa mtu. Sweta ulivue kidogo kidogo kadiri unavyoshuka, kwa sababu ukifika Matema joto litakuwa limeongezeka kwa nyuzi kumi na nne hivi, na gari la kukurudisha liwe limeshapangwa kukusubiri huko chini, si Matamba.